Trela ya kulala ya kujitengenezea kwa bajeti ndogo: ekseli ikae wapi, na ubao upi?

MsafiriUsa

Habari wakuu. Nataka kutengeneza trela ya kulala watu wawili, itakayovutwa na Hilux ya dizeli. Njia zenyewe ni Mto wa Mbu hadi Natron, Lushoto, na mara chache Serengeti, kwa hiyo lami ni kidogo, vumbi na mawimbi ya changarawe ndiyo mengi. Boksi nimelipanga mita 2.44 kwa urefu na 1.55 kwa upana, ili godoro la futi 5 kwa 6 liingie na nyuma ibaki nafasi ya jiko ya sentimita 60 hivi. Chuma atachomelea fundi, mbao nitakata mwenyewe.

Fundi anashauri ekseli ya nyuma ya Hilux iliyotumika kwa sababu ni nafuu, na anasema aiweke katikati kabisa ya boksi. Je, yuko sahihi? Na kwa kuta, marine bodi ya mm 12 itafaa?

ChumaNaMizani

Mkuu, kwanza msimamishe fundi kidogo. Ekseli katikati kabisa ni kosa, na ndilo kosa linaloangusha trela nyingi za kujitengenezea. Ncha ya mbele ikiwa nyepesi, trela huanza kuyumba kama mkia wa samaki kwenye mwendo wa kilomita 80 hivi, na ukikanyaga breki ghafla inazidi. Unachotaka ni uzito unaokaa juu ya kirungu cha gari (tufe la chuma la kuvutia trela) uwe kati ya asilimia 5 na 10 ya uzito wote wa trela ikiwa imepakiwa. Lenga 8.

Usikisie. Andika kila kitu na umbali wake kutoka kwenye kapulingi, yaani kichwa cha mkono wa trela kinachofunga kwenye kirungu. Tuseme mkono wa kuvutia una mita 1.3 kabla ya boksi kuanza:

Chesisi na boksi, kilo 300, kwenye mita 2.4
Jiko, vyombo na chakula, kilo 60, kwenye 3.45
Maji lita 40, kilo 40, kwenye 2.3
Betri, kilo 30, kwenye 1.5
Mtungi wa gesi wa kilo 6 ukiwa umejaa, kilo 14, kwenye 1.1
Godoro na mabegi, kilo 56, kwenye 2.2

Jumla kilo 500. Zidisha kila uzito kwa umbali wake, ujumlishe: inakuja 1,202.6. Ekseli, springi na matairi ni kama kilo 80, ila hizo zinakaa kwenye ekseli yenyewe, haziingii kwenye hesabu hii. Trela nzima ni kilo 580, asilimia 8 ni kilo 46. Sasa 1,202.6 gawanya kwa (500 toa 46), unapata mita 2.65 kutoka kwenye kapulingi. Hiyo ni mita 1.35 kutoka mwanzo wa boksi, yaani sentimita 13 nyuma ya katikati.

Sentimita 13 zinaonekana kidogo, lakini angalia kinachotokea ukibadilisha mpangilio bila kuhamisha ekseli. Hamisha tanki la maji liende chini ya jiko, mita 3.5: uzito wa ncha unashuka kutoka kilo 46 hadi 28. Ongeza tairi la akiba la kilo 20 nyuma ya boksi, kwenye 3.85: unabaki na kilo 19, ambazo ni asilimia 3 tu. Hapo trela imekuwa ya hatari na chuma hakijaguswa. Ndiyo maana maji yakae mbele kidogo ya ekseli, chini, na tairi la akiba liende kwenye mkono wa kuvutia.

Mwambie fundi afunge springi kwa bolti za U kwanza, na mabano ya springi ayashike kwa alama ndogo za kuchomelea tu. Boksi likikamilika, pakia kila kitu, weka mizani ya bafuni chini ya kapulingi kwenye sakafu iliyo sawa, kipande cha mbao kikiinua kapulingi hadi kimo cha kirungu cha gari. Soma. Ikiwa sawa, ndipo achomelee moja kwa moja.

Kuhusu ekseli ya nyuma ya Hilux: difu na vyuma vyake ni uzito wa bure unaoning'inia chini, na springi zake zimetengenezwa kubeba tani. Trela ya kilo 580 juu ya springi hizo haiwezi kuzikandamiza, inaruka kwenye kila wimbi hadi skrubu za kabati zinajifungua. Chukua ekseli ya chuma cha mraba cha mm 45 yenye habu za bolti 6, ili rimu za Hilux ziingie na tairi la akiba liwe moja kwa vyombo vyote viwili. Hakikisha kwanza kwamba Hilux yako ni ya bolti 6, maana zipo za bolti 5. Kama springi za pikapu ndizo pekee zinazopatikana, punguza majani yake (vile vyuma bapa vilivyopangwa) yabaki 3 na uweke shokapu.

Chesisi: bomba la 75 kwa 50, unene mm 3, kwa fremu ya nje na mkono. Lina kilo 5.6 kwa mita. Za katikati weka 40 kwa 40 ya mm 2. Mikono miwili ya mbele isiishie kwenye uso wa boksi. Ipite chini hadi kwenye bano la kwanza la springi. Mkono hukatika palepale unapokutana na boksi, kwa kuwa ndipo unapopinda zaidi, na fundi huwa amepaunguza kwa kuchomelea mkato wa kuvuka bomba upande wa chini. Achomelee kwa kufuata urefu wa bomba, mshono wa kuvuka upande wa chini usiwepo kabisa.

Kabla ya kuchomelea, pima kutoka katikati ya kapulingi hadi kila ncha ya ekseli. Tofauti ikizidi mm 3, matairi yatakwisha upande mmoja.

SeremalaWaMeru

Naongezea upande wa mbao. Upana wa 1.55 haukutoshi. Futi 5 ni mita 1.524. Ukitoa kuta mbili za mm 12 ndani unabaki na 1.526, yaani godoro linaingia kwa kusukumwa na shuka haliwezi kuchomekwa. Ukitaka ukuta wenye stairofomu ya mm 25 katikati, nje ubao wa mm 9 na ndani wa mm 4, kila ukuta unakula mm 38. Fanya upana wa nje 1.65. Paa ulaze mbao kwa kuvuka, na vipande vya sentimita 79 vinavyobaki vitatosha kigawanyo cha jiko na rafu.

Jihadhari na jina "marine bodi". Zile nyeusi au za kahawia zenye utando wa kung'aa ni za kumwagia zege. Zinastahimili maji juu, lakini gundi na rangi havishiki kwenye utando, na katikati mara nyingi kuna mapengo. Ukizitumia kwa sakafu ni sawa, ila piga msasa hadi utando utoke kila mahali pa gundi. Kwa kuta tafuta plaiwudi isiyo na utando. Jaribu kabla ya kununua zote: omba kipande kidogo, kichemshe kwa saa moja. Tabaka zikiachana, ondoka.

Uzito nao uangalie: ubao mzima wa futi 8 kwa 4 wa mm 12 ni kama kilo 23, wa mm 18 ni kilo 35. Sakafu ya mm 12 inatosha kama vyuma vya katikati viko kila sentimita 40.

Maji huingilia kwenye kingo, si kwenye uso. Kingo zote zipakwe epoksi mara mbili kabla ya kufunga, pamoja na matundu ya bolti. Maungio ya nje tumia gundi ya poliyurethani, siyo silikoni: silikoni haipakiki rangi, na ikishabanduka hakuna kinachoshika tena pale ilipokuwa.

Vumbi ndilo litakalokutesa njia ya Natron. Boksi linapokwenda, nyuma yake hewa inakuwa nyepesi na vumbi linavutwa kupitia kila ufa wa mlango wa jiko. Raba moja haitoshi, weka mbili, moja kwenye fremu na moja kwenye mlango. Kisha weka tundu la hewa mbele juu, lenye chujio la sponji, lifunguliwe ukiwa njiani. Hewa ikiingia mbele inasukuma vumbi litoke badala ya kuingia.

NyayaSaba

Taa: soketi ya pini 7. Pini 1 njano, indiketa kushoto. Pini 2 buluu, taa ya ukungu ya nyuma. Pini 3 nyeupe, ethi (njia ya umeme kurudi kwenye betri). Pini 4 kijani, indiketa kulia. Pini 5 kahawia, taa ndogo kulia. Pini 6 nyekundu, breki. Pini 7 nyeusi, taa ndogo kushoto. Ethi ipitishe waya wake, usitegemee kirungu. Kirungu kikiwa na grisi na kutu, ukikanyaga breki indiketa nazo zinawaka kwa hafifu.

Kuchaji betri ya trela kutoka kwenye gari, usipitishe waya wa mm² 2.5. Mita 7 kwenda na 7 kurudi, kwa ampea 10, unapoteza karibu volti 1 na betri haijai kamwe. Weka mm² 10, fyuzi kila upande. Kama utakuwa na friji ndogo ya kompresa, hesabu ampea-saa 36 hadi 48 kwa siku. Sola ya wati 100 inarudisha kama 28 tu siku ya jua zuri, kwa hiyo weka wati 200.

MsafiriUsa

Asanteni sana wakuu. Nimebadilisha upana na nimemsimamisha fundi. Mawili ya mwisho: gesi naweza kuiweka ndani ya kabati la jiko? Na breki zinahitajika?

ChumaNaMizani

Gesi isikae na watu. Ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni pale pale godoro lilipo. Iweke kwenye sanduku juu ya mkono wa mbele, lenye tundu chini kabisa. Na jiko la mkaa lisiingie ndani hata kwa dakika kumi za kuota moto. Weka matundu mawili ya hewa, moja chini na moja juu, yasiyofungika kabisa.

Breki: Ulaya mpaka wa trela isiyo na breki ni kilo 750, na hicho ni kipimo kizuri cha kujiwekea. Ukiwa na 580 uko salama, ila mteremko wa Lushoto shuka kwa gia ndogo. Minyororo miwili ya usalama ipishane chini ya kapulingi, ili ikichomoka mkono udakwe usichimbe barabara. Na kwa vile trela husajiliwa TRA (Mamlaka ya Mapato Tanzania) kwa namba yake, tunza risiti za vyuma na ekseli, na uende kuulizia utaratibu kabla fundi hajapaka rangi.

Beringi: kaza nati huku ukizungusha tairi hadi liwe zito, kisha legeza hadi tundu la kwanza la pini. Baada ya kilomita 50 za mwanzo simama, kaza nati za rimu, gusa habu kwa mkono. Vuguvugu ni sawa. Ikiwa huwezi kushika, beringi imekazwa mno au grisi haikufika.