Popi wetu amekufa, mtoto anataka tumfanyie arobaini. Nifanyeje?

MamaNeema_Moro
Ndugu zangu, habari za jioni. Naomba ushauri, na naomba msinicheke.

Mbwa wetu Popi amekufa wiki iliyopita. Hakuwa mbwa wa kununua. Mume wangu alimkuta karibu na stendi ya Msamvu, kafungiwa ndani ya kiroba na wenzake ambao walikuwa wameshakufa. Macho yalikuwa ndiyo kwanza yanafumbuka. Tukawa tunamnywesha maziwa kwa bomba la sindano usiku na mchana, na mama mkwe akasema huyu Jumapili haioni. Akaiona. Binti yangu Neema ndiyo alikuwa anajifunza kutembea, wakakua pamoja.

Neema alipoanza shule, Popi alimsindikiza kila asubuhi mpaka getini kisha akarudi mwenyewe. Saa ya kutoka aliijua bila kuambiwa. Kitu kimoja tu hakikumtoka mpaka uzeeni: ukikung'uta kiroba cha mkaa anakimbilia chini ya meza.

Mwaka huu figo zilichoka. Daktari alitueleza mapema kwamba ni uzee, tukamtunza hadi mwisho. Tumemzika nyuma ya nyumba, chini ya mwembe.

Sasa Neema ameweka alama kwenye kalenda. Anataka arobaini: pilau ipikwe, majirani waje, watu wamsimulie Popi. Baba yake mkubwa amesema huo ni wazimu, mbwa ni mbwa. Mume wangu hasemi kitu, ila jioni namwona anakwenda kukaa kule nyuma peke yake. Na mimi geti likilia tu nageuka kumtafuta.

Nimruhusu mtoto? Kama haifai, tumkumbukeje Popi bila Neema kuchekwa mtaani? Na je, nimletee mwingine haraka?

Mzee_wa_Kihonda
Pole sana mwanangu. Arobaini hapana. Ile ni ya binadamu, ina dua zake na ina wenyewe. Pengine hapo jirani kuna mtu kazika mtoto wake mwaka huu. Akisikia pilau ya mbwa utakuwa umemtonesha kidonda, na hatakwambia.

Lakini anayesema mbwa ni mbwa tu simuungi mkono, hasa akiwa mtu wa Morogoro. Magawa alifunzwa wapi kama si hapa kwetu? Panyabuku yule aliyefunzwa na APOPO, shirika linalofundisha panya kunusa mabomu, alikwenda Kambodia akanusa mabomu ya ardhini na vilipuzi vingine zaidi ya 100, na mwaka 2020 shirika la kutibu wanyama la Uingereza, PDSA, likampa nishani ya dhahabu. Alipokufa Januari 2022 habari zake zilitangazwa dunia nzima. Kama panya alikumbukwa hivyo, mtoto akimlilia mbwa aliyemsindikiza shule hajafanya jambo la aibu. Mwiteni baba mkubwa mumweleze kwa adabu asimkatishe mtoto maneno.

BintiPangani
Dada yangu, pole. Mimi ni Muislamu, kwetu mbwa haingii ndani na hilo halibadiliki. Lakini kumhurumia mnyama ni jambo lingine. Kwenye Suratul Kahf mbwa wa watu wa pangoni ametajwa, amenyoosha miguu yake kizingitini. Na tumefundishwa tangu chuoni hadithi ya mtu aliyemkuta mbwa ana kiu mpaka analamba udongo, akashuka kisimani, akajaza maji kwenye kiatu chake na kumnywesha, na Mungu akamsamehe dhambi zake. Mumeo alipofungua kile kiroba alifanya tendo la namna hiyo. Neema aambiwe hivyo, na aambiwe na baba yake mwenyewe. Huenda naye ndipo atakapopata pa kuanzia kusema.

Badala ya arobaini, mpe daftari. Kila mtu wa nyumbani aandike au asimulie jambo moja. Bibi aandike ile habari ya Jumapili.

Jembe_la_Kazi
Kuna watu hawana hela ya dawa za wazazi wao, nyie mnalilia mbwa?

MamaNeema_Moro
Ndugu yangu, mama mkwe ninamuuguza mimi hapa nyumbani, na dawa zake hazikuwahi kukosekana kwa sababu ya Popi. Naye ndiye aliyemlilia kuliko sisi sote.

MtuWaNakuru
Pole mama Neema. Usiharakishe kuleta mwingine. Jirani yangu aliwaletea watoto kesho yake tu, yule mdogo akakataa kabisa kumpa chakula, akisema huyu amekuja kuchukua mahali pa mwenzake. Wakae hadi Neema aulize mwenyewe. Na akiuliza, msimpe huyo mpya jina la Popi.

DktMifugo
Pole kwa familia. Niongeze ya kitaalamu. Kaburi liwe na kina cha mita moja hivi, mbali na kisima, na juu weka mawe mazito mbwa wengine wasifukue. Umesema daktari aliona ni uzee. Ni vizuri kama alilithibitisha hilo, maana homa ya mgunda nayo hushambulia figo, na huambukiza watu. Ikiwa hiyo haipo, vyombo vyake vioshwe tu kwa sabuni. Angekufa kwa parvo, ule ugonjwa wa kuhara wa mbwa, ningekwambia usilete mtoto wa mbwa hapo kwa muda mrefu, kwa sababu kirusi chake hukaa udongoni miezi mingi.

Sasa wazo langu. Tarehe 28 Septemba ni Siku ya Kichaa cha Mbwa Duniani, siku aliyofariki Louis Pasteur, mgunduzi wa chanjo ya ugonjwa huo, mwaka 1895. Karibu watu wote wanaokufa kwa ugonjwa huu hung'atwa na mbwa, wakiwemo watoto wengi, na dalili zikishaanza hakuna tiba. Tukichanja mbwa 7 kati ya 10 katika eneo, ugonjwa unakatika. Fedha ya ile pilau ichanje mbwa wa mtaani kwenu kwa jina la Popi. Neema awe mwandishi wa orodha.

MamaNeema_Moro
Daktari, nimemsomea Neema. Kauliza swali moja: wale wasio na mwenyewe watachanjwaje? Popi naye angekuwa mmoja wao.

Mzee wa Kihonda, arobaini tumeiacha, na nimemweleza sababu kama ulivyosema. Kanyamaza kidogo, kisha kasema basi tusimwumize mama Rehema. Daftari limeanza. Baba yake kaandika kurasa mbili, sikutegemea.

DktMifugo
Swali zuri sana. Wengi mnaowaita wa mtaani wana mtu anayewatupia makombo: mama ntilie, mlinzi, mwenye bucha. Mtafuteni huyo, yeye ndiye wanayemwamini. Aje naye akiwa ameshika kamba na kipande cha nyama, asubuhi kabla jua halijawa kali. Watoto wasiwakamate wao. Nendeni kwa afisa mifugo wa kata sasa hivi, msingoje Septemba, mumwombe awapangie siku na chanjo. Muulizeni pia kadi zipo ngapi, maana Neema atahitaji kujaza moja kwa kila mbwa.