Aliyekaribishwa shambani na marehemu baba sasa anadai ni lake, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mwaka 2008 marehemu baba alimkaribisha jirani yetu alime mihogo na mahindi kwenye shamba letu la Mkuranga, bila kodi wala maandishi. Kila mavuno alikuwa anatuletea gunia la mihogo, shukrani tu. Baba alifariki 2019. Mwaka jana jamaa akapanda mikorosho, na sasa anasema shamba ni lake kwa kuwa amelikalia zaidi ya miaka 12.

Najua Sheria ya Ukomo, ile ya muda wa mwisho wa kufungua kesi, inaweka miaka 12 kwa madai ya ardhi. Ila mahakama zetu zimeshaamua mara nyingi kwamba mwalikwa hageuki mmiliki kwa kukaa muda mrefu. Kinachoniumiza ni kwamba machoni pa majirani, anayelima ndiye mwenye shamba.

Wanasheria, hiyo miaka inahesabiwa tangu lini, alipokaribishwa au alipoanza kukataa kutoka? Wazee wawili walioshuhudia makubaliano bado wapo hai, ushahidi wao wa mdomo utatosha? Na je, nianze na usimamizi wa mirathi kabla ya kwenda Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya? Mama anakosa usingizi, nisaidieni.