Kijana fundi simu anakuja Tokyo, tumpeleke wapi?

Kutoka: Mama wa Nagoya

Wanajumuiya, salaam. Mtoto wa shemeji yangu anatua Narita mwezi ujao kwa viza ya matembezi. Ni fundi simu Kariakoo, na tangu apate viza hajauliza habari za mlima Fuji wala maua. Anauliza Akihabara tu, ule mtaa wa vifaa vya umeme. Mimi Tokyo naijua ya kwenda ubalozini na kurudi. Tutakuwa na siku mbili huko kabla ya kupanda basi la kuja kwangu. Nianzie wapi, na nimzuie kununua nini? Kaka zake wamemchangia mtaji, sitaki uishie kwenye midoli.

Kutoka: Fundi wa Kawasaki

Shikamoo mama. Hapo umegusa mtaa wangu, nivumilie nikiandika kirefu.

Mkishuka kituo cha Akihabara tokeni mlango wa Electric Town. Mbele kidogo kuna barabara kuu, Chuo-dori, yenye mabango ya katuni na wasichana wanaogawa vipeperushi vya mikahawa yao. Mwache apige picha zake, kisha mrudishe nyuma, maana kinachomhusu kiko chini ya reli. Pale panaitwa Radio Center. Baada ya vita wanafunzi wa shule ya umeme iliyokuwa jirani, leo Chuo Kikuu cha Tokyo Denki, waliunga redio na kuziuza, na vipuri vikapangwa kwenye vibanda barabarani. Mwaka 1949 utawala wa jeshi la Marekani ukaamuru vibanda viondolewe, wauzaji wakabana chini ya njia ya treni. Kijana anatoka Kariakoo, kisa cha machinga kuhamishwa hahitaji kuelezwa. Tofauti ni kwamba hawa wa huku walipewa mahali pazuri, hatua chache kutoka kituoni, na hadi leo wapo.

Vijia ni vyembamba, watu wawili hupishana kwa ubavu. Kila muuzaji amekaa katikati ya droo zake: huyu swichi tu, yule nyaya tu, mwingine soketi na taa. Jirani kuna Radio Depart, jengo la ghorofa kadhaa la namna hiyohiyo, lenye transfoma na hata zile valvu za kioo za redio za babu. Ukivuka barabara kuu na kuingia mitaa ya nyuma utakuta maduka ya vipuri ya Akizuki Denshi na Sengoku yamekaribiana. Akizuki ndipo wanafunzi wa uhandisi wanapojaa, wakibeba vikapu vya rezista na kapasita zilizofungwa kwenye vipakiti. Msiende mapema, maduka mengi hufungua saa nne au saa tano asubuhi, na vile vibanda havikeshi. Jumapili mchana Chuo-dori hufungwa kwa magari na watu hutembea katikati ya lami. Kwa picha ni siku nzuri, kwa kununua ni msongamano.

Sasa mtaji. Simu za mtumba za huku kwa kweli ni safi, ila kuna mambo anayopaswa kuyajua kabla hajatoa hela. La kwanza ni deni. Wajapani wengi hununua simu kwa mkopo wa kampuni ya mtandao, na mwenyewe akiacha kulipa, kampuni huifungia ile simu mtandaoni. Duka linaloeleweka huandika alama kwenye kibandiko: duara ni salama, pembetatu maana yake deni bado linalipwa, na × imefungwa. Akitaka kuhakikisha mwenyewe, abonyeze *#06#, achukue namba ya IMEI aiingize kwenye tovuti ya kampuni iliyouza simu hiyo. Mimi pembetatu siigusi, hata bei ikinilainisha vipi.

La pili ni laini. Tangu Oktoba 2021 simu mpya za huku huuzwa bila kufungwa kwa kampuni moja. Za kabla ya hapo aulize kwanza. La tatu atakuja kulalamikiwa na wateja: simu nyingi za soko la Japani hulia unapopiga picha, hata ukiziweka kimya.

Halafu kuna masanduku yaliyoandikwa ジャンク (janku, yaani vitu vibovu), ya laptopu, kamera na michezo ya zamani kwa bei ya kutupa. Hakuna dhamana, hakuna kurudisha. Kwa wewe na mimi ni hasara, kwa fundi ndiyo shule. Mpe kiasi maalumu cha kuchezea humo na mshikilie hapohapo.

Kutoka: Mwanafunzi wa Tsukuba

Mimi treni yangu, Tsukuba Express, inaishia Akihabara, kwa hiyo nakubaliana na kaka wa Kawasaki, ila ameisahau Yodobashi, duka kubwa la elektroniki. Ni ghorofa kwa ghorofa upande wa pili wa kituo. Kila kitu kimewashwa, unashika, unajaribu, muuzaji hakusumbui. Kijana ajue kwanza bei ya kitu kipya, ndipo aende kwenye mitumba. Nimeona mtumba unaouzwa karibu sawa na kipya, na mtu anaufurahia.

Kingine ni mkahawa wa DAWN, Nihonbashi, uliofunguliwa 2021. Roboti ndogo zinazoitwa OriHime zinaongea na wateja mezani, na anayeongea ndani yake ni mtu halisi, mlemavu au mgonjwa asiyeweza kutoka nyumbani, anayeiendesha kupitia intaneti na kulipwa mshahara. Mimi sijaona roboti yenye maana zaidi jijini. teamLab, yale maonyesho ya sanaa ya taa na projekta, msiende. Ni pazuri, lakini mtapiga foleni kwa ajili ya picha, na fundi atakuwa anatafuta projekta zimefichwa wapi.

Kutoka: Baba Mapacha, Chiba

Mnampeleka mtu Tokyo mnamwonyesha maduka tu! Siku ya pili panda treni ya Yurikamome kutoka Shimbashi kwenda Odaiba. Ilianza 1995 na haina dereva, kwa hiyo kiti cha mbele kabisa ni cha abiria. Wangu wawili hukigombania. Mkishuka nendeni Miraikan, jumba la sayansi mpya, lakini isiwe Jumanne maana hufungwa. Kama atamuulizia ASIMO, yule roboti wa Honda, mwambieni alistaafu Machi 2022. Mkurugenzi wa pale tangu 2021 ni mama asiyeona, Chieko Asakawa, mtaalamu wa kompyuta, na humo ndani utakuta sanduku la safari lenye magurudumu na kamera linalomwongoza asiyeona lisimgongeshe watu. Alilibuni pamoja na wenzake kwa sababu yeye mwenyewe analihitaji.

Pia Ueno, vituo viwili tu kutoka Akihabara. Kwenye Makumbusho ya Taifa ya Asili na Sayansi kuna FUJIC, kompyuta ya kwanza ya elektroniki Japani, ya 1956. Okazaki Bunji aliijenga karibu peke yake, kwa valvu zaidi ya elfu moja, ili imfanyie hesabu za lenzi za kamera. Fundi akiiona hiyo atakaa nayo.

Kutoka: Mama wa Nagoya

Marahaba wanangu, na asanteni. Swali la aibu kidogo: yeye ni mgeni, anasamehewa kodi. Je, naweza kutumia pasipoti yake kununua lile jiko la wali ninalolitamani? Na lingine tumtumie mama mkwe Dodoma?

Kutoka: Fundi wa Kawasaki

Mama, la kwako hapana! Msamaha wa ile asilimia 10 ni wa bidhaa inayotoka nchini na mgeni mwenyewe. Aje na pasipoti halisi, nakala haikubaliwi, na afikishe yeni 5,000 kabla ya kodi kwenye duka moja siku hiyohiyo. Akija kuanzia Novemba 1, 2026 utaratibu umegeuka: analipa yote dukani, anarudishiwa akishapita forodha uwanjani. Aweke akiba ya hiyo tofauti.

Jiko la mama mkwe: umeme wa huku ni volti 100, kwetu ni 230. Ukilichomeka Dodoma litaungua siku hiyohiyo, na transfoma ya kubeba jiko la wali ni nzito na ghali, haina faida. Maduka makubwa ya Akihabara yana pembe ya bidhaa za ng'ambo, ulizia ya volti 220 hadi 240. Chaja za simu na laptopu hazina shida, nyingi zimeandikwa 100–240V, ni plagi tu ya kubadili. Kuna na hili: Nagoya kwako umeme ni hezi 60, Tokyo ni 50 kama nyumbani, kwa sababu karne ya 19 Tokyo ilinunua majenereta ya Wajerumani na Osaka ya Wamarekani, na hawajapatana hadi leo. Saa na mota za zamani zinaijua tofauti hiyo.

Kutoka: Mwanafunzi wa Tsukuba

Kama kijana ni Muislamu, Okachimachi kuna msikiti wa As-Salaam, kituo kimoja kutoka Akihabara, hata kwa miguu mnafika. Chakula cha halali kinapatikana maeneo hayo.

Kutoka: Baba Mapacha, Chiba

Na betri! Simu zote na pawabanki zipande naye ndani ya ndege, zisiingie kwenye begi la kukabidhi. Pawabanki isizidi Wh 100, imeandikwa ubavuni. Betri moja moja za akiba azifunge ncha kwa selotepu. Mama, kijana anatua siku gani? Jumamosi mimi nipo huru, naweza kuja na gari Narita.