Tupeane uzoefu: alamu ya gari inayolia usiku bila mtu kuigusa, mwisho ulikuta nini?

Baba Watatu, Segerea

Habari za jioni wakuu. Naomba tukae kwenye jambo moja tu leo, alamu ya gari inayolia yenyewe usiku.

Kwangu ilianza mwezi wa nne, mvua zilipokolea. Saa 8 usiku, king'ora. Natoka na tochi, nazunguka gari, hakuna mtu, milango imefungwa, vioo vizima. Nazima kwa rimoti, narudi kulala. Saa 10 kasoro, tena. Tumepanga familia nne kwenye uwanja mmoja, na jirani yangu wa mlango wa pili ana mtoto wa miezi miwili. Usiku wa tatu mumewe alinigongea dirisha kwa upole kabisa, akasema, "Jirani, mtoto ndiyo kwanza alikuwa amepata usingizi." Niliona aibu hadi asubuhi.

Fundi wa mtaani akapunguza ukali wa sensa, kile kifaa kinachohisi gari likitikiswa. Ikalia. Akapunguza tena. Ikalia. Mwishowe nikamwambia akate waya wa king'ora, watu walale. Tukalala usiku 11. Siku ya 12 nimeamka, vioo vya pembeni vyote viwili vimeng'olewa na taa moja ya nyuma haipo. Mlinzi wa nyumba ya mbele alisikia vitu vikigongwa, lakini alishazoea vurugu za gari langu, hakutoka.

Nataka kuirudisha alamu, ila kwanza nijue ilikuwa inalilia nini. Mwenye kisa chake aseme: inalia saa ngapi, ni ya kiwandani au ilifungwa baadaye, na mwisho mlikuta nini. Hata kama hamkuwahi kupata jibu, semeni tu.

Fundi Waya, Mwanza

Pole sana mkuu. Kazi yangu ni umeme wa magari, alamu nimefunga na kung'oa nyingi. Alamu ikilia, ujue kuna waya umeiambia ilie. Kazi ni kuutafuta huo waya, na hapo ndipo wengi tunakosea, tunakimbilia sensa ya mtikisiko kwa kuwa ina kile kiskrubu cha kuzungusha, kazi ya dakika mbili.

Ubongo wa alamu ni kiboksi kidogo, mara nyingi kiko chini ya dashibodi. Unasikiliza swichi za milango, swichi ya buti, swichi ya boneti na sensa ya mtikisiko. Magari mengine yana sensa ya mawimbi ya sauti inayohisi kitu kikitembea ndani, na nyingine ya mwinamo inayojua gari likiinuliwa kwa jeki. Nyingi pia zinashtuka umeme wa betri ukiyumba.

Kwa magari yetu haya yenye umri wa miaka 15 au 20, mimi naanza milangoni. Kipimo chake hakina gharama. Usiku, kaa ndani ya gari, funga milango yote, weka swichi ya taa ya ndani pale palipoandikwa DOOR, subiri taa izime. Mwenzako aliye nje asukume na kuvuta kila mlango bila kuufungua. Taa ikimweka hata kidogo, mlango huo ndio unaoidanganya alamu kwamba umefunguliwa. Magari ya zamani swichi ni kile kibonyezo kwenye nguzo ya mlango, unakiona. Ya karibuni imefichwa ndani ya kitasa chenyewe, na maji, vumbi na grisi iliyokauka vinaitesa.

Milango ikiwa salama, njoo kwenye sensa ya mtikisiko. Usiizungushe. Chomoa soketi yake kabisa, lala usiku mmoja. Gari likinyamaza, umempata. Likilia, irudishe soketi uende kwenye boneti. Usiku mmoja kitu kimoja. Ukigusa vitatu kwa pamoja hutajua kipi kilikuwa na kosa.

Jambo jingine, na hili ni letu mafundi. Alamu nyingi za kufungwa baadaye zimeungwa kwa kusokota waya na kuzungushia utepe. Joto la dashibodi linayeyusha gundi, utepe unalegea, kiungo kinaanza kugusa na kuachia. Mwambieni fundi aunge kwa risasi ya kulehemu, na msimame hapo mkiangalia.

Mwana wa Likoni

Langu halikuwa usiku, ila bado linaniuma.

Nilimpeleka mamangu kliniki, tukirudi nikapita Kongowea kununua mboga. Yeye miguu yamuuma, akaniambia, "Enda mwanangu, mimi nitakungoja hapa." Nikashuka, nikabonyeza rimoti kwa mazoea, milango ikajifunga, alamu ikajiwasha. Nilimwachia kioo nafasi ya vidole viwili. Joto likamzidi, akavuta kitasa atoke apunge upepo. Gari likaanza kupiga honi na taa zote kuwaka na kuzima. Watu wakajazana. Mama mzima wa miaka 70 na kitu, ameketi na buibui lake, kijana mmoja anamuuliza gari ni la nani. Nilipofika nikamkuta mikono yamtetemeka. Akaniuliza, "Nimeharibu nini?"

Alamu ya kiwandani haijui kama aliye ndani ni mamako. Ukifunga kwa rimoti, mlango wowote ukifunguliwa bila rimoti kutangulia, kwake huo ni wizi. Tangu siku hiyo, mtu akibaki garini namwachia ufunguo mkononi. Na kwa joto la huku kwetu, mtoto au mtu mzima asiyejiweza msimwache ndani hata kama ni dakika tano.

Mpita Njia, Singida

Dada wa Likoni, pole kwa mama. Langu linafanana, ila lilitokea msibani.

Tulikuwa makaburini, shughuli inakaribia mwisho, nikatumwa maji kwenye gari. Rimoti ilikuwa imekufa betri, nikafungua mlango kwa ufunguo wa kawaida. Honi ikaanza. Nikafunga tena, ikaendelea. Nikafungua boneti nikitafuta nyaya za betri huku jasho linanitoka, na wafiwa wote wamegeuka. Kijana mmoja akaja taratibu akaniambia, "Mzee, ingia ndani, weka ufunguo, zungusha hadi ON." Ikanyamaza palepale.

Wenye magari ya Japani yenye alamu ya kiwandani, shikeni hilo. Ulifunga kwa rimoti, rimoti ikafa, ukafungua kwa ufunguo: kwa mengi italia, na haijaharibika. Washa swichi, itakutambua. Na mnunue betri ya rimoti ya akiba. Angalieni namba kabla ya kwenda dukani. CR2032 maana yake upana ni milimita 20 na unene 3.2. CR2016 ina upana huohuo lakini unene ni nusu, 1.6, na mwenye duka akikupa hiyo itachezacheza na rimoti haitashika.

Ngaramtoni

Sisi huku mwezi wa sita na wa saba baridi ni kali, na paka wanajua injini gani imezimwa sasa hivi. Gari langu lilikuwa linalia dakika 20 hadi 40 baada ya kuliegesha, halafu usiku kucha kimya. Fundi alibadilisha sensa, nikalipa, ikalia tena. Mke wangu ndiye aliyeona asubuhi nyayo za matope juu ya boneti. Paka anarukia boneti, anateleza kuingia chini kwenye joto, na ule mrukio ndio unaoishtua sensa. Injini ikipoa anaondoka zake.

Kwa hiyo muda wa kulia ni ushahidi, uandikeni. Mimi sasa nalaza kipande cha mkeka juu ya boneti, na kila asubuhi nagonga boneti mara mbili kabla ya kuwasha, maana paka akibaki ndani mkanda wa feni utamuua. Mkiona waya zimetafunwa, huyo ni panya, na hilo ni tatizo kubwa zaidi.

Tanga Raha

Swichi ya boneti. Nilipeleka gari kuoshwa injini kwa mashine ya presha, usiku ikalia mara nne. Kile kibonyezo kilikuwa na kutu ya chumvi ya bahari, maji yakamalizia. Kipya kimefungwa, miezi saba sasa sijaisikia. Na kabla hujalaumu swichi, hakikisha boneti imefungwa mpaka mwisho. Fundi akishaangalia oili, wengi wanaiachia kwenye ndoana ya kwanza tu.

Wa Seeb, Oman

Huku kiangazi gari likikaa juani ndani panageuka tanuri. Nilikuwa naweka kile kifuniko cha kuzuia jua kwenye kioo cha mbele, kinachoshikwa na vinyonyo vya mpira. Joto linalegeza kinyonyo kimoja, kifuniko kinaanguka, sensa ya mawimbi inaona kitu kimetembea ndani. Inalia saa 8 mchana mimi niko kazini. Hata manukato ya kuning'iniza kwenye kioo yanaweza kufanya hivyo ukiacha dirisha wazi kidogo na upepo ukaingia, na buibui akitembea juu ya sensa yenyewe ni hivyohivyo. Nikatoa vinyonyo, nikakibana kifuniko kwa vile vibati vya kukinga jua vya juu. Basi.

Kaka Mkubwa, Mbagala

Mimi nasema kateni tu. Siku hizi king'ora kikilia nani anatoka? Fungeni geti, wekeni mlinzi.

Nesi wa Zamu, Mbeya

Kaka Mkubwa, naomba nijibu, na mimi sina gari. Mimi ndiye jirani.

Naingia zamu ya usiku siku nne, natoka asubuhi, nalala mchana. Kuna gari mtaani kwetu lililia wiki mbili mfululizo. Siku ya kwanza nilitoka na kanga, nikachungulia, nikijua mwenzangu anaibiwa. Siku ya pili nilichungulia dirishani. Siku ya nne nilifunika kichwa kwa mto. Watu hawatoki kwa sababu tumefundishwa na magari yanayolia ovyo kwamba hakuna kitu, siyo roho mbaya. Gari linalolia bila sababu linamwibia hata yule jirani ambaye alamu yake ni nzima.

Ombi langu kwa wenye magari: ikilia usiku, amka, zima, na kesho yake pita kwa majirani useme unashughulikia. Mwachieni jirani mmoja namba yenu ya simu mkisafiri. Yule wa kwetu alikuwa amesafiri, gari likalia mpaka betri ikaisha.

Baba Watatu, Segerea

Dada Nesi, ahsante, nimesoma mara mbili na nimemsomea mke wangu.

Fundi Waya, swali moja. Kwa nini yangu ilikuwa inapenda saa 8 hadi saa 11 alfajiri?

Fundi Waya, Mwanza

Mambo mawili hukutana saa hizo. Hewa inapoa, chuma na mpira vinasinyaa, mlango uliokuwa umeshikwa vizuri jioni unalegea kidogo. Na betri imekaa masaa mengi bila kuchajiwa. Pima asubuhi kabla ya kuwasha: betri nzima iliyojaa inasoma karibu volti 12.6. Ikisoma 12.2 imebaki kama nusu, chini ya 12 hiyo ni dhaifu. Injini ikiwaka isome kati ya 13.8 na 14.4, vinginevyo mwangalie alteneta, ile inayochaji betri. Safisha na vichwa vya betri, ule unga mweupe unayumbisha umeme.

Tahadhari kwa wote: ving'ora vingine vina betri yake ndogo ndani. Ukichomoa nyaya za betri kubwa ili kinyamaze, ndiyo kwanza kinapaza sauti, maana kimetengenezwa kumkomoa mwizi anayekata umeme. Hicho kina kiufunguo chake cha kukizima. Kitafuteni leo mchana, msisubiri usiku.

Baba Watatu, Segerea

Nimerudi wakuu.

Jumamosi usiku tulifanya kipimo cha taa, mimi ndani, kijana wangu mkubwa nje. Mlango wa dereva, kimya. Wa abiria, kimya. Nyuma kulia, kimya. Nyuma kushoto alipouvuta tu, taa ikamweka. Nikamwambia arudie. Ikamweka tena. Mlango huo uligongwa na bodaboda mwaka jana, ukanyooshwa na kupigwa rangi, na kile chuma cha kwenye nguzo ambacho kitasa kinakidaka kilirudishwa kikiwa kimesogea. Ukiufunga unasikika umefunga, lakini una nafasi ya kucheza, na mvua zilikuwa zinaingia hadi kwenye kitasa. Wakati wote huo mimi nilikuwa nalaumu sensa.

Fundi amekisogeza chuma, amesafisha kitasa, amebadilisha mpira wa mlango, na nimesimama hapo akiunganisha waya wa king'ora kwa risasi. Shilingi 40,000 jumla. Betri asubuhi ilisoma 12.1, hiyo nitabadilisha mwisho wa mwezi. Vioo vya pembeni bado najikusanya.

Jioni nilipita kwa jirani, nikawaeleza wote wawili nimefanya nini, nikawaachia namba yangu na ya mke wangu. Mama mtoto akaniuliza kama italia leo. Nikamwambia ikilia, agonge dirisha, nitakuwa macho.

Huu ni usiku wa tisa. Juzi lori la mchanga lilipita karibu kabisa na ukuta, ikatoa milio miwili mifupi ya kuonya, ikanyamaza. Nilitoka na tochi hata hivyo. Mlinzi wa nyumba ya mbele alikuwa ameshasimama getini kwake, anaangalia upande wetu.