Ushauri: Jengo la shule ya zamani hapa Kongwa liko mbioni kubomolewa, nianzie wapi kuokoa historia yake?

Mwalimu wa Kongwa (mleta uzi)

Habari za jioni wakuu. Mimi ni mwalimu wa Historia, sekondari, wilayani Kongwa, Dodoma. Nje kidogo ya mji kuna jengo refu la matofali, upande mmoja hauna paa, migunga imeota mpaka mlangoni. Kijijini wameanza kuzungumzia kulibomoa ili matofali yasaidie kujenga matundu ya vyoo vya shule ya msingi. Siwalaumu, vyoo vinahitajika kweli.

Kinachonisumbua ni kwamba kila mzee ninayemuuliza ananipa habari tofauti. Mmoja anasema ilikuwa shule ya bweni ya watoto wa Kizungu. Mwingine anasema hapana, zilikuwa ofisi za ule mradi wa Waingereza wa kulima karanga. Wa tatu, bibi ambaye miaka ya 60 alikuwa msichana, anasisitiza kwamba wapigania uhuru waliishi humo na yeye alikuwa akiwauzia maziwa.

Mpaka sasa nimechungulia dirishani tu. Ukutani kuna mstatili mkubwa mweusi, lipu imebanduka pembeni, na chini yake kuna maandishi yaliyochongwa kwa kitu chenye ncha. Herufi mbili tatu zinasomeka, zilizobaki zimezibwa na vumbi. Sakafu yote ni kinyesi cha popo.

Naomba ushauri: niingieje salama, ruhusa niombe kwa nani, na nitajuaje nani anasema kweli? Natamani pia kuwapeleka wanafunzi wangu wa kidato cha tatu. Natanguliza shukrani.

Fundi Mwashi

Mwalimu, wanafunzi usiwaingize humo. Ukuta uliokaa miaka bila paa umenyonya mvua kwa juu, unaweza kuonekana mzima halafu ukaanguka kwa kusukumwa kidogo. Wakae nje, wapime urefu na upana, wachore ramani. Hiyo peke yake ni kazi ya siku nzima.

Wewe mwenyewe usiende peke yako. Vaa buti na suruali nzito kwa ajili ya nyoka, tazama juu kama kuna nyuki au manyigu. Kinyesi cha popo kikikauka usikifagie, vumbi lake lina vimelea vya fangasi vinavyoshambulia mapafu. Vaa barakoa inayobana vizuri, ile ya kitambaa haitoshi. Na kama vipande vya paa ni vya zile bati za kijivu zinazofanana na saruji, huenda ni asbesto, yenye nyuzi zinazodhuru mapafu. Usivunje, usiburute, usimruhusu mtu akaezekee banda.

Kuhusu ukweli, jengo lenyewe linasema. Huo mstatili mweusi ni ubao wa kufundishia, zamani walipiga lipu laini ukutani wakaipaka rangi. Ofisi haina haja ya ubao wa ukubwa huo. Angalia misumari ya kutundikia nguo na alama za masinki: kama ziko chini, usawa wa kiuno chako, zilifungwa kwa ajili ya watoto. Angalia pia kama kuna milango iliyozibwa kwa matofali ya aina nyingine. Hapo utajua jengo lilibadilishwa matumizi.

Mjukuu wa Kibarua

Mbukwa mwalimu. Babu yangu alifanya kibarua kwenye karanga, kwa hiyo jambo hili linanigusa.

Usiwagombanishe wazee wako. Inawezekana kabisa wote watatu wanasema kweli. Mradi wa karanga ulibuniwa 1946, Uingereza ikiwa na upungufu wa mafuta ya kula baada ya vita. Wakapanga kulima ekari zaidi ya milioni 3, sehemu kubwa ikiwa Tanganyika, wakaanza na Kongwa 1947, kisha Urambo na Nachingwea. Mvua za Ugogo zikawaangusha. Udongo wa huku ukikauka unakuwa mgumu kama saruji, karanga zinabaki ardhini. Mashine walizoleta, nyingi zikiwa masalia ya vita, ziliharibikia kwenye vichaka na mizizi. Januari 1951 serikali yao ikautangaza kuwa umeshindwa, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimeteketea.

Wataalamu walikuja na familia zao, ndiyo maana 1948 ikafunguliwa shule ya watoto wa Kizungu hapo Kongwa. Mradi ulipokufa shule haikufa. Iliendelea mpaka 1958, ikipokea watoto kutoka pande nyingi za Tanganyika. Watoto wa Kigogo waliokuwa wakichunga mbuzi pembeni ya uzio hawakuruhusiwa kusoma humo. Elimu ilikuwa imegawanywa kwa rangi: Wazungu kwao, Wahindi kwao, Waafrika kwao. Mgawanyo huo ulifutwa baada ya Uhuru.

Kisha kuanzia 1964 zikaja kambi za wapigania uhuru: FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia, MPLA ya Angola. ANC walianzia kwenye kituo cha reli kilichoachwa na huo huo mradi wa karanga. Sasa bibi yako wa maziwa anashindwaje kuwa mkweli?

Mzalendo Halisi

Mimi naona libomolewe. Hilo ni jengo la kibaguzi, babu zetu walilijenga na wajukuu zao hawakuruhusiwa kulikalia. Matofali yakawasitiri watoto wetu chooni, hiyo ndiyo haki.

Mjukuu wa Kibarua

Ndugu Mzalendo, uchungu wako naujua, ni wa nyumbani kwetu pia. Lakini ukibomoa bila kuandika, ubaguzi ndio unaopona. Miaka 20 ijayo mtoto ataambiwa ulikuwepo na hatakuwa na cha kugusa. Na kama kweli wapiganaji walilala humo, utakuwa umebomoa na historia yao.

Dada Nyaraka

Mwalimu, anza na mtendaji wa kijiji na mwenyekiti, uwape barua ya mkuu wako wa shule. Waulize kiwanja ni cha nani, maana maeneo mengi ya mradi yalipita kwenye mikono ya taasisi za serikali na huenda kijiji hakina mamlaka ya kubomoa.

Usidhani sheria inalilinda tayari. Sheria ya Mambo ya Kale ya 1964 inalinda moja kwa moja majengo ya kabla ya 1863. Lililojengwa baada ya hapo linahitaji kutangazwa na Waziri kwenye Gazeti la Serikali. Kwa hiyo mwandikie afisa utamaduni wa wilaya mapema, nakala kwa Idara ya Mambo ya Kale. Taja kambi waziwazi, kwa sababu nchi yetu inaratibu Programu ya Urithi wa Ukombozi wa Bara la Afrika na Kongwa imo kwenye orodha ya maeneo yao muhimu.

Majalada ya serikali ya Mwingereza yako Nyaraka za Taifa, Dar es Salaam. Ulizia masharti ya kibali kabla hujapanda basi.

Nimesoma Mkwawa

Nyongeza ndogo. Shule ya Kongwa ilipofungwa, wanafunzi walihamishiwa Iringa, shule mpya ya St Michael's and St George's iliyofunguliwa 1959. Ndiyo iliyokuja kuwa Mkwawa sekondari, na tangu 2005 ni Chuo Kikuu Kishiriki. Wanafunzi wa zamani wa Kongwa wana mtandao wao, wengi sasa ni wazee wa miaka 75 na zaidi. Watumie picha ya ubao na madirisha, watakwambia kama ni darasa lao.

Mwalimu wa Kongwa (mleta uzi)

Nimeshukuru sana wakuu. Barua ya mtendaji nimeshaiandika, kesho naipeleka. Nilipanga nianze na maandishi ya ukutani, kisha nyaraka, wazee nimalizie nao.

Dada Nyaraka

Geuza mpangilio, mwalimu. Nyaraka zimekaa miaka 70, zitasubiri. Bibi wa maziwa mfuate wiki hii, na mjukuu wake awepo ili azungumze Kigogo kwa uhuru. Omba ridhaa ya kurekodi, muulize walimlipa kwa kitu gani, walizungumza naye lugha gani, alipita mlango upi. Akiwa na nguvu za kutembea, mpeleke mpaka nje ya jengo akuonyeshe kwa kidole. Maandishi ya ukutani yapige picha asubuhi, tochi ikimulika kutoka ubavuni ili mikwaruzo itoe kivuli, na usiyafute vumbi kwa kitambaa chenye maji.