Naomba ushauri: nataka kuwa wakala wa safari kamili, nianze na kipi?

Habari zenu wakuu. Nipo Dar, nasaidia kwenye ofisi ya kukata tiketi za ndege. Wateja wengi ni wafanyabiashara wa Kariakoo wanaokwenda Dubai na Guangzhou. Kazi naipenda, ila najua ya juu juu tu: jina la tiketi lifanane na la pasipoti herufi kwa herufi, pasipoti iwe na miezi 6 mbele, vifupisho vya viwanja vya ndege kama DAR (Dar es Salaam), JRO (Kilimanjaro) na CAN (Guangzhou).

Panaponishinda ni masharti ya nauli. Mteja akitaka kubadili tarehe, bosi anafungua Amadeus (mfumo wa kompyuta wa kukatia tiketi), anapitia ukurasa mzima wa vifupisho, mara anamtajia faini na nyongeza ya nauli. Mimi naona giza tupu.

Sasa nina akiba kidogo. Nilipie kozi ya IATA (chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege), au nibanane na Amadeus hapahapa kazini kwanza? Cheti waajiri wanakiangalia kweli? Na baadaye nikitaka ofisi yangu, inawezekana kuanza kwa kukatia tiketi kupitia wakala mkubwa mwenye usajili wa IATA, tukagawana kamisheni? Waliopita huko naomba mnisaidie. Wale wa "jifunze YouTube" nimeshawasikia.