Naomba ushauri: saketi za umeme Kidato cha Nne kwa maabara ya mtandaoni

Mwl_Ohm: Wakuu, habari za jioni. Nafundisha fizikia shule ya kata. Kidato cha Nne wapo 64, ammita nzima zimebaki mbili. Nataka kutumia PhET, majaribio ya sayansi ya kwenye kompyuta, lile la kuunda saketi. Nifanyeje wote waifikie bila kumaliza bando? Mtihani wa vitendo umekaribia, silali.

Koili: Darasani huhitaji bando, mkuu. PhET ni ya Chuo Kikuu cha Colorado Boulder, ni bure, na kila jaribio la HTML5, yaani linalofunguka kwenye kivinjari kama Chrome, unalipakua kama faili moja la MB chache. Yale ya zamani ya Java achana nayo. Laptop na projekta vinatosha: wape saketi, waandike makadirio yao kwenye daftari, ndipo ufunge swichi.

MamaKemia: Ukishafika huko usiache kemia. Lipo la kusawazisha milinganyo, mwanafunzi anaziona atomi zilizobaki upande mmoja. Hapo ndipo wengi wanapokwama, wanabadilisha namba ndogo ya fomula badala ya ile ya mbele.

Koili: Dada, tumalize umeme kwanza. Mwalimu, "wote waifikie" kwa kifaa gani? Simu haziruhusiwi shuleni.

Mwl_Ohm: Tableti 20 za mkono wa pili, Android 5, RAM GB 1. Nusu ya fedha nimeshatoa, ni michango ya wazazi, Ijumaa namalizia. Bei ni nzuri, na jana nimezijaribu zote 20 kwa hotspot ya laptop yangu ya Windows, zikafunguka kwa pamoja.

NyayaTatu: Michango ya wazazi, mwalimu! Hiyo ingenunua ammita, betri kavu na waya wa nikromu. Betri ya PhET haina ukinzani wa ndani mpaka uuongeze mwenyewe. Weka V 9 na kikinzani cha Ω 10, ammita inasoma A 0.90. Ongeza Ω 2 za ndani, inashuka hadi 0.75. Usipowaonyesha hilo, wakipewa betri iliyochoka watadhani wamekosea kuunganisha. Na skrini haina ncha ya waya yenye kutu, wala swichi iliyosahauliwa imefungwa mpaka waya unapata moto na usomaji unaanza kuhama, wala sindano inayosomwa kwa upande. Watoto washike waya.

Seva255: Wakuu, uzi huu umetungwa. Hotspot ya Windows inapokea vifaa 8, basi. Hizo 20 zilifungukaje kwa pamoja? Nahisi huyu ndiye muuzaji mwenyewe.

Koili: Hapo na mimi nimeshtuka.

Mwl_Ohm: Mimi si muuzaji. Nilishika moja tu, ikafungua video. Nyingine nilionyeshwa zikiwaka. Niliandika 20 kwa sababu nilijua mtaniambia nirudishe, na wazazi nimeshawatangazia. Nisameheni.

Seva255: Yameisha, mkuu. Hotspot iache, maana hata kuwaka mara nyingi inagoma laptop isipokuwa na mtandao. Tafuta ruta ya kawaida, haihitaji laini, laptop na tableti zote ziunganishe humo. Faili zako ziweke folda moja, fungua dirisha la amri humo, andika `python -m http.server 8000` (programu ya Python iwemo), laptop igawie tableti faili. Ngao ya Windows (firewall) ikiuliza, ruhusu mitandao yote miwili, wa binafsi na wa umma. Ukiruka hapo tableti zitazunguka tu bila kufungua. Kisha `ipconfig` ikupe anwani ya laptop, tableti ziandike anwani hiyo na `:8000`. Lakini kabla ya hayo yote, hiyo tableti moja unayo? Izime data, fungua faili la saketi kwa Chrome, unganisha V 9 na Ω 10, utuambie inasoma ngapi.

Mwl_Ohm: Ninayo. Nimefungua. Skrini nyeupe, dakika ya nne sasa.

Seva255: Tazama toleo la Chrome. Android 5 inaishia toleo la 95, sasisha mpaka hapo ujaribu tena.

Mwl_Ohm: Lilikuwa la 44. Nimesasisha. Betri inaonekana, nikiivuta inakuja baada ya sekunde kama sita, halafu Chrome inajifunga.

NyayaTatu: RAM hiyo. Usimalizie malipo, mwalimu. Kesho asubuhi nenda na tableti hiyo hiyo, mfungulie muuzaji faili mbele yake.